Kuku wa kwenye simu hafi kwa kideri: Hesabu za kweli za mfugaji wa Kilwa

MWISHO wa msimu wa ufuta nilikwenda Kilwa Kivinje kumjulia hali dada yangu mkubwa. Nilimkuta barazani na mwanawe wa kiume, wote wawili wameinamia simu moja. Dada alikuwa ameuza ufuta wake na kubaki na shilingi milioni 1.2 baada ya kulipa madeni ya palizi. Fedha hizo zilikuwa na kazi moja tu: ada ya mwaka ujao ya binti yake anayesoma chuo.

"Shikamoo mjomba," alisema kijana. "Mwambie mama asiziweke ndani. Tununue vifaranga 200 wa nyama, wiki sita tunauza, tunanunua wengine 400. Mimi hesabu zake ninazijua."

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akanionyesha simu. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akicheza mchezo uitwao Hay Day, ambamo mchezaji anapewa shamba, anapanda ngano na mahindi, anafuga kuku na ng'ombe, anauza mazao na kupanua shamba. Shamba lake lilikuwa kubwa na zuri. Kuku wamejaa, ghala limejaa, fedha za mchezo hazihesabiki.

Dada akanitazama. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Sema."

Sikusema siku ile. Niliomba siku mbili, nikakaa na kijana, tukaufungua ule mchezo kanuni moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na hali halisi ya Kilwa. Makala haya ni matokeo ya kikao hicho. Nimeyaandika kwa sababu nimegundua kuwa vijana wengi wa pwani ya Lindi wanafikiria kuingia kwenye ufugaji wakiwa na hesabu za aina hii, ama kutoka kwenye michezo ya simu, ama kutoka kwa jamaa wa mjini mwenye karatasi yenye mahesabu yasiyo na kifo hata kimoja.

Mchezo unafundisha nini

Tusiudharau mchezo. Hay Day ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland. Upo mwingine unaofanana nao, Farming Simulator, unaotengenezwa na kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi tangu mwaka 2008, ambao una matrekta, mashamba makubwa na mifugo ya kila namna. Michezo hii ina mambo manne ambayo mfugaji wetu wa kawaida huyasahau.

La kwanza ni chakula kabla ya mnyama. Katika Hay Day huwezi kupata yai bila kwanza kuwa na chakula cha kuku, na chakula hicho kinatengenezwa kwa ngano mbili na hindi moja ili kupata mifuko mitatu. Mchezaji anajifunza mapema kwamba anafuga kwa kadiri ya shamba lake. Kwetu sisi mtu hununua vifaranga kwanza, kisha ndipo anaanza kuulizia bei ya pumba.

La pili ni nafasi. Banda moja la kuku katika mchezo huo linachukua kuku sita basi, hata uwe na fedha kiasi gani. Ghala nalo likijaa huwezi kuingiza kitu. Mchezaji analazimika kuuza, au kupanua ghala kwanza.

La tatu ni ubora wa lishe. Katika Farming Simulator ng'ombe anayepewa majani matupu hutoa maziwa kidogo kuliko anayepewa mchanganyiko wa chakula kilichokamilika. Mnyama ni yuleyule, banda ni lilelile, tofauti ni kilichoingia tumboni.

La nne ni kusikiliza mteja. Katika Hay Day gari na mashua huja na orodha ya vitu vinavyotakiwa. Anayezalisha kilichoandikwa kwenye orodha anapata zaidi kuliko anayezalisha anachokipenda.

Mambo haya manne yangeweza kufundishwa katika semina yoyote ya ugani. Hapo kijana alifurahi, akaona mjomba yuko upande wake.

Mchezo unaficha nini

Kisha nikamuuliza: "Katika mwaka wote huu umezika kuku wangapi?"

Akacheka. Hakuna hata mmoja. Katika Hay Day kuku asipopewa chakula hafi, anaacha tu kutaga mpaka utakapomkumbuka. Hakuna mwewe, hakuna kicheche, hakuna nyoka wala mwizi. Hakuna kideri. Kuku aliyelishwa anatoa yai baada ya dakika 20, leo, kesho na siku zote. Na kuku wako hawachangamani na kuku wa jirani.

Dada alikuwa anatusikiliza akiwa anachambua mboga. Akasema, "Muulize wangu walikwenda wapi."

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa na kuku 46. Ilikuwa mfungo wa Ramadhani unaelekea ukingoni, na alikuwa amekwishaahidiwa wateja wa sikukuu. Asubuhi moja alikuta watatu wamezubaa, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani. Wengine walipinda shingo. Ndani ya wiki moja alibaki na majogoo wawili na tetea mmoja. Siku ya Idd alinunua kuku wa kumpikia mgeni.

Ndicho kideri, ambacho sehemu nyingine huitwa mdondo. Ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba, na ukiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote. Mfugaji yeyote wa Kivinje, Njia Nne au Mchinga anaufahamu. Wengi huuona zaidi wakati wa kiangazi, yaani wakati uleule ambao watu wana fedha mikononi na kuku wanatakiwa sokoni.

Hesabu ya miaka mitatu

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Nitatoa mfano, na msomaji aondoe bei zangu aweke za kijijini kwake. Nimetumia tarakimu za mviringo ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Chukua tetea 10 wa kienyeji na jogoo mmoja. Tetea wa kienyeji kwa kawaida hutaga mayai 10 hadi 15 kisha huatamia, na kwa mwaka hufanya hivyo kama mara tatu. Tuseme kila mzunguko anaangua vifaranga 10. Tetea 10 wataangua vifaranga 300 kwa mwaka.

Mfugaji wa kwanza anawaacha wajitafutie. Hachanji, hatenganishi vifaranga. Kati ya kila vifaranga 10, saba wanapotea kwa mwewe, baridi, njaa na magonjwa. Anabaki na kuku 90. Akiuza kila mmoja kwa Sh15,000 anapata Sh1,350,000. Amewatupia pumba kidogo za Sh2,000 kwa kila kuku, jumla Sh180,000. Anabakiwa na Sh1,170,000.

Mfugaji wa pili anachanja, anawalea vifaranga ndani kwa wiki za mwanzo na kuwapa chakula cha nyongeza. Anapoteza watatu tu kati ya 10, anabaki na kuku 210. Mauzo ni Sh3,150,000. Chakula ni Sh6,000 kwa kila kuku, yaani Sh1,260,000. Chanjo na dawa Sh150,000. Ukarabati wa banda, vyombo na usafiri Sh240,000. Anabakiwa na Sh1,500,000.

Msomaji atazame tofauti hiyo. Ni Sh330,000 tu kwa mwaka, pamoja na jasho lote la ziada. Ndiyo sababu mfugaji wa kwanza hashtuki. Anamwona mwenzake akihangaika na chupa za chanjo, yeye amekaa, na kipato hakipishani sana. Si mjinga. Kwa mwaka mzuri hesabu yake haina kosa kubwa.

Lakini sasa weka kideri mara moja katika miaka mitatu. Mwaka huo mfugaji wa kwanza anawahi kuuza kuku 10 kabla ya balaa, anapata Sh150,000. Fedha hizo zote anazitumia kununua tetea 10 wapya ili aanze upya. Mwaka umekuwa sifuri. Kwa miaka mitatu amepata Sh2,340,000. Mfugaji wa pili amepata Sh4,500,000, karibu mara mbili. Hata ukimpunguzia hapa na pale kwa sababu chanjo nayo haikingi kila kitu, bado yuko mbele sana.

Kwa hiyo faida ya ufugaji wa kuku Kilwa haipimwi kwa mwaka mmoja mzuri. Inapimwa kwa kuujumlisha mwaka mbaya ndani yake. Mchezo wa simu hauna mwaka mbaya, na ndipo unapomdanganya kijana.

Chanjo ipo, tatizo ni chupa

Habari njema ni kwamba kinga ya kideri imekuwapo kwa muda mrefu. Chanjo ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, ilitokana na utafiti uliofanyika nchini Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Kati ya mwaka 2002 na 2005 mradi uliofadhiliwa na nchi hiyo uliisambaza Tanzania, Msumbiji na Malawi. Hapa nchini ilianza kutengenezwa na maabara ya serikali ya mifugo iliyoko Temeke, ndiyo maana wafugaji wengi wanaifahamu kwa jina la Temevac.

Matumizi yake ni rahisi. Tone moja kwenye jicho moja la kuku, mkubwa au kifaranga, kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wanaochanjwa ni kuku wazima tu. Aliyekwishaugua hasaidiki, na kuchanja wakati ugonjwa umeshaingia uani ni kuchelewa, kwa kuwa kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Ingawa chanjo hiyo inastahimili joto, haina maana ya kuianika juani. Itunzwe mahali pa baridi na ibebwe kivulini.

Kwa nini basi watu hawachanji? Sababu mojawapo ni ya kibiashara. Chupa moja ya chanjo ina matone ya kuku wengi, kuanzia mia moja na kuendelea, wakati kaya moja ina kuku 10 au 15. Chupa ikishafunguliwa haifai kuhifadhiwa kwa siku nyingi. Mama mwenye kuku 12 akinunua chupa peke yake anaona amemwaga fedha.

Jibu lake ni la ujirani. Kaya 15 za kitongoji kimoja zikichanja siku moja, chupa moja au mbili zinatosha na kila mtu anachangia kwa idadi ya kuku wake. Tena ni lazima iwe hivyo hata kama chupa ingekuwa ndogo, kwa sababu kuku wa kienyeji hawana mpaka. Kuku wa jirani wasiochanjwa ni hatari kwa vifaranga wako waliozaliwa baada ya siku ya chanjo. Mradi nilioutaja uliwafundisha wanavijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kuwa wachanjaji wa jamii wanaolipwa kwa kila kuku. Utaratibu huo unafaa kufufuliwa popote ulipolala. Hauhitaji ruzuku kubwa. Unahitaji mtu mmoja mwaminifu, kalenda, na afisa mifugo wa kata wa kumwongoza.

Kutotolesha kwa pamoja

Mbinu ya pili haina gharama kabisa. Tetea wengi huatamia kwa nyakati tofauti, hivyo vifaranga wanakuwa wa umri tofauti na kuwalea ni kazi. Mfugaji anayetaka kuuza kwa mpango afanye hivi. Tetea wa kwanza akianza kuatamia, mpe mayai mawili au matatu yasiyofaa ayalalie, huku mayai mazuri ukiyatunza mahali penye ubaridi, si zaidi ya wiki mbili. Wenzake wawili au watatu wakianza nao kuatamia, wape wote mayai mazuri usiku mmoja. Baada ya siku 21 wote wataangua pamoja.

Kisha vifaranga wote wapewe tetea mmoja au wawili, au walelewe kwenye chumba chenye joto la taa ya chemli au jiko la mkaa lililozungushiwa kinga, pakiwa na hewa ya kutosha. Tetea waliobaki watarudi kutaga mapema. Mfugaji anapata kundi la umri mmoja, linalochanjwa pamoja, linalolishwa pamoja na kuuzwa pamoja. Mfanyabiashara wa Nangurukuru anayepakia kuku kwenye basi la Dar es Salaam hataki kuku watano. Anataka 50 wanaolingana.

Kuhusu chakula, pwani yetu haina sababu ya kulia. Mchanganyiko wa kuku wanaokua unaweza kuwa na sehemu saba za mahindi au mtama uliopasuliwa pamoja na pumba, sehemu mbili za mashudu ya ufuta au alizeti, na sehemu moja ya dagaa pamoja na makome ya pwani yaliyosagwa. Mahadhari ni mawili. Dagaa wasiwe wa chumvi, maana chumvi nyingi inaua kuku. Na mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku kwa kisingizio kwamba hayafai kwa binadamu, kwa kuwa sumukuvu inawaathiri na wao.

Kwa nini si kuku wa nyama

Tukarudi kwenye vifaranga 200 wa mpwa wangu. Sikumwambia kwamba kuku wa kisasa hawana faida. Wanayo, lakini kwa mtu aliye karibu na vitu vitatu: vifaranga, chakula na jokofu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa ni safari ya kilomita kama 300. Vifaranga wa siku moja wakisafirishwa kwa joto la mchana wanafika wamedhoofika. Chakula chao cha viwandani nacho kinasafiri barabara hiyohiyo na kuongezeka bei kila kituo. Kwa kawaida chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama za kuku wa nyama, zaidi ya nusu. Na wiki ya sita ikipita bila mnunuzi, kila siku inayoongezeka kuku wanakula faida yako. Kuku wa kienyeji anaweza kusubiri, anakula mchwa na majani. Wa nyama hasubiri.

Zaidi ya hayo, Kilwa kuku anashindana na samaki. Bahari ikiwa shwari na samaki wakiwa wengi Masoko na Somanga, kitoweo cha kuku kinalala. Kusi ikivuma na wavuvi wakishindwa kutoka, kuku na mayai vinatafutwa. Mfugaji wa pwani lazima asome upepo pamoja na bei.

Wazee wanaocheza bao wanalielewa hili kuliko vijana wa simu. Bao lina sehemu mbili, namua na mtaji. Katika namua unaingiza kete moja moja kutoka akiba yako, ukisoma mkono wa mwenzako. Hupewi ruhusa ya kumwaga kete zote ubaoni siku ya kwanza. Kuingiza milioni 1.2 yote kwa vifaranga 200 ni kuingia mtaji kabla ya namua.

Mbuzi wa Idd anahesabiwa kwa mwezi

Kwa mwenye eneo kidogo na subira, mbuzi ni hatua inayofuata. Mbuzi jike hubeba mimba miezi mitano. Soko lake pwani linajulikana: harusi, hitima, akika na, kubwa kuliko yote, Idd el Haj.

Hapa wafugaji wengi wanapoteza fedha kwa kutopiga hesabu ya umri. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanataka mbuzi wa kuchinja siku hiyo awe ametimiza miaka miwili, na asiwe chongo, kilema, mgonjwa wala aliyekonda. Mnunuzi mwenye kujua dini yake anamfungua mbuzi kinywa na kutazama meno. Beberu wa miezi 14, hata akiwa mnene, atauzwa kwa bei ya mbuzi wa kawaida.

Kwa hiyo rudi nyuma kuanzia siku ya sikukuu: miezi 24 ya umri, na mitano ya mimba. Ni miezi 29. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, sikukuu inasogea. Mwaka 2025 Idd el Haj ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2028 inatarajiwa mwanzoni mwa Mei. Anayepanga mbuzi wake kwa mwezi wa Juni kila mwaka atajikuta amechelewa soko.

Adui wa mbuzi wa pwani ni minyoo na unyevu. Banda liinuliwe kwa fito ili kinyesi kidondoke chini, na dawa ya minyoo itolewe kabla ya mvua na baada ya mvua. Beberu abadilishwe kabla hajawapanda binti zake. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi mwaka 2008 na kufika hadi Mtwara ndani ya miaka miwili, ilitufundisha kwamba ugonjwa husafiri na mbuzi wa mnadani. Mbuzi mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Na mbuzi afungwe au achungwe. Mche wa mkorosho wa jirani ukiliwa, faida yote itaishia kwa mtendaji wa kijiji.

Ng'ombe na somo la Nachingwea

Mpwa wangu aliuliza kuhusu ng'ombe, kwa kuwa katika mchezo ndio wanaoleta fedha nyingi. Kilwa ya zamani haikuwa na ng'ombe wengi kwa sababu ya mbung'o, anayeeneza ndorobo. Hali ilibadilika baada ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu na wengi wao kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Leo nyama ya ng'ombe na maziwa vinapatikana kwa urahisi zaidi kuliko zamani, na pamoja na hayo imekuja migogoro ya mashamba na maji ambayo kila msomaji wa wilaya hii anaijua.

Kwa mkulima mdogo anayeanza na milioni moja, ushauri wangu ni kutoanza na ng'ombe. Mbung'o bado wapo, kupe waletao ndigana wapo, na dawa za kinga zinataka ratiba isiyokatizwa. Ng'ombe mmoja akifa ni mtaji wote umekufa. Kuku 10 wakifa kati ya 60, biashara inaendelea.

Mkoa wa Lindi una ushahidi wake wa mipango mizuri ya karatasini. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hesabu zilipigwa London, zikapendeza. Hazikuhesabu ipasavyo ukame, udongo mgumu, mizizi ya miti iliyovunja mashine wala ubovu wa usafiri. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli nzima. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umefutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Wale hawakuwa vijana wenye simu. Walikuwa wataalamu wenye shahada, na mimi kama mchumi hilo hunikumbusha niwe mnyenyekevu.

Tulichoamua Kivinje

Siku ya tatu tulikaa tena barazani. Dada alitenga kwanza Sh700,000 za ada, akazipeleka benki Masoko siku ileile. Hilo halikuwa la kujadiliwa. Zilizobaki, Sh500,000, zikagawanywa: tetea wanane na jogoo mmoja, mabati machache na wavu wa banda, gunia za pumba na mashudu, na akiba ya Sh120,000 isiyoguswa kwa ajili ya mwaka mbaya. Ada iliyobaki itatokana na kuku wa mzunguko wa kwanza na wa pili, ambao wanatakiwa wawe tayari wakati wa msimu wa korosho.

Mpwa wangu alipewa daftari. Aliambiwa aandike kila yai, kila kifaranga, kila kifo na sababu yake. Alilalamika kidogo kwamba simu ingemhesabia. Nikamwambia aandike kwenye simu akitaka, ilimradi vifo aviandike.

Kazi ngumu ilikuwa majirani. Dada alizunguka nyumba 14 jioni tatu mfululizo akiwashawishi wachange fedha ya chanjo. Tisa walikubali. Watano walisema wataona kwanza za wenzao. Mmoja wa hao watano ndiye ambaye kuku wake wanalala kwenye mwembe ulio ukutani mwa banda la dada.

Siku ya chanjo kijana alishika chupa, mama akashika kuku. Walipomaliza wa kwao na wa wale tisa, chupa ilikuwa na matone bado. Dada akamtazama mwanawe, kisha akatazama mwembe.

"Kawashike na wale," alisema. "Bure. Wakiugua wale, wangu hawatasalimika."

Niliondoka Kilwa kesho yake. Nilipopiga simu miezi mitatu baadaye, daftari lilikuwa na vifaranga 71 hai na 19 waliokufa, 11 kati yao kwa mwewe. Jirani wa mwembe alikuwa amelipa mchango wa chanjo ya pili.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.